Kidonge cha Daku

Makubadhi yangu ndiyo yaliyoanza kunikataa. Asubuhi yaliingia vizuri, jioni hayakuvulika, na nilipoyavua kwa nguvu mkanda ulikuwa umeacha mfereji juu ya wayo. Nilibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Nikacheka, nikamwita wifi yangu Sharifa aje aone maajabu. Yeye hakucheka.

"Wifi, hayo maji," alisema. "Na jana usiku nimekusikia unahema kama uliyekimbizwa, nawe umelala."

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyepewa vidonge vya kutoa maji mwilini na hujui mbona misuli inakukaba. Mimi si daktari. Ila nimeyapita, na nilipokuwa ndani yake nilitamani sana mtu aliyepita aniambie kitu.

Yalinipata wakati wa vita vya kumtoa Mreno Msumbiji, vilipokwisha kufika kwetu pwani. Askari wa Kireno walituondoa kwenye nyumba zetu za ghuba ya Tungue wakatuweka ndani zaidi, katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, ili tusiwalishe wapiganaji wa msituni. Kijiji kilikuwa na lango moja. Kisima kilikuwa nje, bondeni. Lango lilifunguliwa asubuhi watu wateke maji, likafunguliwa tena alasiri, kisha filimbi ikapigwa na likafungwa. Aliyebaki nje baada ya filimbi alihesabiwa mtu wa msituni, na kila mmoja wetu alijua maana yake.

Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: mimi, Sharifa dada wa mume wangu, na Tima binti yangu wa pekee, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Mume wangu na mume wa Tima walikuwa wamevuka mto Ruvuma kule Namoto, wakakimbilia Tanzania vurugu zilipoanza, na sisi tukiulizwa tulisema wako baharini. Koplo mmoja alipenda kutuuliza hata bila sababu.

"Bado wako baharini?"

"Samaki wamekuwa adimu, bwana," Sharifa alimjibu, uso mkavu.

Sharifa, mzaliwa wa kisiwa cha Macaloe, hakuogopa mtu, lakini mkono wake wa kulia ulivunjika zamani ukaunga vibaya, haukupanda juu ya bega. Hakuweza kujitwisha. Maji tulikuwa tukiteka mimi na Tima. Miguu yangu ilipovimba na pumzi ikawa fupi, alibaki Tima peke yake na tumbo lake.

Kwetu mimba ya kwanza ni kazi ya mama mzazi. Binti hurudi kwa mama yake, na siku ya uchungu mama hukaa nyuma yake, binti akaegemea kifua chake mpaka mtoto atoke. Mama yangu alinikalia hivyo. Kwa hiyo nilipoona siwezi kutoka mlangoni hadi chooni bila kupumzika, sikuogopa kufa. Niliogopa siku ya Tima ifike aegemee ukuta. Hilo ndilo lililonipeleka kwa tabibu, kwani mimi ni mtu wa kungoja ugonjwa uchoke wenyewe.

Tulipewa karatasi ya ruhusa, ile waliyoiita guia, tukapanda lori la askari hadi Palma. Kwenye kituo cha matibabu tulikalishwa kwenye benchi la nje, chini ya upenu. Wagonjwa wa kijeshi walipita kwanza, kila walipofika. Jua lilisogea, nasi tukasogea na kivuli, benchi zima, kama watu wanaopanga safu ya swala. Mwanamke wa kando yangu, nisiyemjua hata jina, aliniona nahema akaniinamishia bega lake nilale. Nililala kweli, mate yakanitoka kwenye kanga yake. Alinifuta yeye mwenyewe. Mungu amjalie kheri popote alipo.

Mganga wa pale alikuwa Mmakua wa huko Nampula, tukimwita nfermeiru Rafaeli, yaani muuguzi kwa Kireno chetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini masikio yake yalikuwa mazuri. Alinisikiliza kifua, akabonyeza miguu, akasema moyo wangu umechoka kusukuma. Akanipa vidonge vidogo vyeupe.

"De manhã, mama. Asubuhi, kimoja. Utakojoa sana. Wewe kojoa, kunywa. Kojoa, kunywa. Chumvi, pouco, kidogo tu. Maji nitakupimia: kopo hili, si zaidi sana, si pungufu."

Alinionyesha kopo la bati. Sharifa alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga kwa kucheka neno "kojoa" likitamkwa na mwanamume mara nyingi namna ile. Nami nikacheka. Tulipopanda lori kurudi, nilikuwa nimebeba "asubuhi" na nimebeba "kojoa". Lile la kunywa lilibaki benchini.

Siku za kwanza zilikuwa za furaha tupu. Nilikwenda chooni hata mlinzi wa kwenye mnara akawa ananihesabia. "Avó! Outra vez?" aliniita kutoka juu, yaani bibi, tena?

"Msalimie," Sharifa alisema, "mwambie unawamwagia Ruvuma."

Makubadhi yakaingia na yakavulika. Nikalala chali bila kuhisi nazama. Majirani walikuja kuniona, na kila aliyekuja alinipa ushauri uleule: usinywe maji, dada. Unayatoa huku unayaingiza? Utapona lini? Lilionekana neno la akili kabisa. Ukiwa mtumbwini na maji yanaingia, huchoti mengine ukamimina. Nikapunguza. Na misuli ya miguu ikaanza kunichezea kidogo, hasa alfajiri, lakini nani angelalamikia hayo wakati anapumua?

Kisha ukaandama mwezi wa Ramadhani, na uliandama wakati mbaya, joto limepamba na mvua bado.

Hapa ndipo tulipojitia ufundi. Kumeza kidonge asubuhi ni kufungua. Kuacha kidonge ni kurudi kwenye kuhema. Tulikaa jikoni mimi na Sharifa tukilipima jambo hilo kwa makini, mpaka Sharifa akapiga goti lake.

"Weye, daku nalo si asubuhi? Meza daku. Dawa umekunywa, saumu umefunga. Nani atakudai?"

Tulifurahi, wallahi. Tulijiona wanawake wenye akili kuliko wote ndani ya seng'enge ile. Kila alfajiri nilikula kiporo changu cha muhogo, nikameza kidonge kwa funda la mwisho, nikanuia. Kidonge kikafanya kazi yake kama nilivyokituma. Mpaka jua linachomoza nilikuwa nimekwisha kukamuliwa, na magharibi iko mbali.

Najua swali lako. Ndiyo, nilijua mgonjwa ameruhusiwa kula. Tangu chuoni nilijua, na mimi mwenyewe nimewaambia wagonjwa wangapi wasifunge. Lakini ruhusa ni kitu tunachopenda kuwagawia wenzetu. Kujipa mwenyewe, mbele ya nyumba zilizobanana ambako kila mtu anaona moshi wa jiko lako mchana, ni vigumu. Tena wakati ule tulikuwa tumenyang'anywa mengi. Nyumba, minazi, waume. Saumu tulikuwa nayo bado, na sikutaka kuwa wa kwanza kuiweka chini.

Ulimi ukawa mzito. Mate yakawa gundi. Siku moja nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi ya futari, vidole vikajifunga kwenye kifuu vikakataa kufunguka. Nilivitazama kama vya mtu mwingine. Sharifa alikuja akavikunjua kimoja kimoja, huku akisema, "Saumu yako nzito, wifi, na ujira wake mkubwa." Nilijivuna. Usiku ule na uliofuata kigimbi cha mguu kilipanda kikawa jiwe, vidole vya mguu vikatawanyika kila kimoja na njia yake, nami nimeuma kanga nisimwamshe Tima.

Usiku ningeweza kunywa. Futari mpaka daku ni muda mrefu, mtu anaweza kujaza alichopoteza. Sikunywa, na sababu yake haikuwa dini. Kisima kilikuwa kimeshuka. Tima alilazimika kuteremka ngazi za udongo, tumbo mbele, akachota kwa kata tope na maji, akangoja yatulie, akapanda, akajitwisha, akaupanda mlima hadi langoni. Nilimwona akirudi na mishipa ya shingo imesimama. Kila kikombe nilichokishika nilikiona kichwani kwake. Kwa hiyo nilikunywa kimoja cha kufuturia, nikasema nimeshiba.

Alasiri moja sikuweza kuvumilia kumwona anakwenda peke yake. Nikamwambia nakuja kukusaidia kujitwisha tu. Kuteremka niliteremka. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wanasukumana kwa viwiko, na zamu yetu ilifika watu wengi wamekwisha kuondoka. Tulipokuwa katikati ya mlima, kigimbi cha kulia kikanishika. Nikasimama. Kikanishika cha kushoto. Nikaanguka kwa magoti, halafu mikono nayo ikafunga, na moyo ukawa unaruka bila mpango. Sauti ilikuwa imebaki kidogo.

Filimbi ikapigwa.

"Mama, inuka." Tima alisimama juu yangu na mtungi kichwani. "Mama, wanafunga."

"Nenda."

"Niende wapi?"

"Nenda na hilo tumbo. Nenda, Tima!"

Aliutua mtungi kwa papara, ukapinduka, maji yote yakaenda zake kwenye mchanga. Akanishika makwapa, mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, akaanza kuniburuta. Kutoka langoni koplo alikuwa akipiga kelele kwa Kireno na askari mwingine ameinua bunduki. Nilimwona vizuri. Nilitaka kumwambia tena mwanangu aniache, lakini sasa kinywa changu kikavu hakikutoa neno, na nadhani hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote ambavyo ugonjwa ule ulinifanyia.

Wanawake waliokwisha kuingia ndani walirudi. Sikuwaita, wala Tima hakuwaita. Walitoka langoni kwa pamoja wakipiga mayowe, mikono juu, mitungi wameiacha chini, na askari asingeweza kutupiga wote. Walinibeba kama wanavyobeba maiti, wengine miguu, wengine mgongo. Koplo alitutukana sote, kisha akafunga lango nyuma yetu.

Ndani, Sharifa hakungoja mayowe yatulie. Alivunja dafu, akanishika kidevu. Magharibi bado.

"Nimefunga," nikanong'ona.

"Ulikuwa umefunga. Sasa kunywa kabla sijakumiminia puani."

Nikanywa. Nililia nikinywa, na dafu lile likawa na chumvi ya machozi.

Kesho yake tulipewa guia nyingine. Benchi lilelile, upenu uleule. Nfermeiru Rafaeli aliuliza nameza lini. Nikasema daku. Akauliza nakunywa nini baada yake. Nikamwambia hamna, nimefunga. Alifunika uso kwa viganja vyake viwili.

"Mama, nilikupa dawa ya kutoa maji yaliyopotea njia," alisema. "Ya njiani unayahitaji. Umejikausha kama samaki."

Alinisimamishia kidonge mpaka mwili urudi, kisha akanipunguzia. Akasema hakuna kufunga, na neno hilo akalirudia kwa Sharifa, kwani alishajua nani mwenye serikali kwetu.

Ningependa kusema nilitii. Kufunga niliacha, Sharifa alilisimamia hilo kama polisi. Lakini kunywa bado nilikwepa. Nilipokea kopo, nikalionja, nikalirudisha mtungini mgongo wao ukigeuka. Tima aliniona mchana mmoja. Alikuwa amerudi kisimani, jasho linamtiririka, kata ya kichwani bado iko kichwani.

"Unafanya nini, mama?"

"Yatafaa jioni."

"Mie nayateka ya nini?" Hakuwahi kuniinulia sauti maisha yake yote. "Nateremka kule kisimani, nasukumwa na watu, mtoto ananipiga teke humu ndani, nami najiambia haya ya mama, ili siku yangu awepo. Wewe unayarudisha! Basi kesho siendi. Tukauke sote."

Sharifa alikuwa mlangoni. Aliingia, akalijaza kopo tena, akanirudishia mkononi.

Niliudhika. Nilimwambia hana adabu. Kisha nikakaa na kopo lile mapajani nikaliona jambo jinsi lilivyo: nilidhani namwonea huruma, kumbe nilikuwa natupa kazi yake. Nikanywa lote. Tangu siku hiyo tulifanya mambo kwa utaratibu, nami nakuandikia kama tulivyofanya.

Kopo nililopimiwa lilijazwa asubuhi likafunikwa kwa kawa. Nilikunywa kidogo kidogo, funda kwa funda, tangu kidonge mpaka magharibi, si kulimwaga tumboni kwa mkupuo. Nilikunywa kabla ya kiu, kwa sababu kiu yangu ilikuwa imezoea kunyamaza. Mkojo ukiwa wa njano iliyoiva nilijua nimechelewa. Dafu lilipopatikana nilikunywa kidogo, na ndizi mbivu nilikula; nilimuuliza nfermeiru kwanza akasema kwangu mimi zinafaa. Nawe uliza kwanza, maana kuna wanaokatazwa, na kuna ambao moyo wao haubebi maji mengi. Kipimo changu usikiazime.

Misuli ikishika, usiruke kusimama kama nilivyokuwa nikifanya. Nilikaa kitako, nikanyoosha mguu, nikapitisha kanga chini ya unyayo nikazivuta ncha zake mbili kuja kwangu, taratibu, mpaka jiwe lile likayeyuka. Halafu Sharifa alinikanda kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa moto kidogo, huku akinisimulia umbea wa kijiji kizima. Umbea nao ulisaidia. Kabla ya kulala nilivuta miguu hivyo hata kama haijanishika. Na ukiona moyo unaruka, kichwa kinazunguka, mikono inajifunga, usingoje kesho wala usiite ujira. Nenda kwa waliokupa dawa.

Ramadhani ikaisha, nikalisha masikini badala ya siku zangu, muhogo na dagaa, tulichokuwa nacho. Majirani walijua sikufunga. Mmoja alikunja uso, wengine walileta ndizi.

Siku ya Tima ilianza asubuhi, hajateka maji na lango limekwisha kufungwa. Nilikuwa nimemeza kidonge changu. Mkunga wetu Bi Salama alitandika mkeka, nikakaa nyuma ya mwanangu, miguu yangu huku na huku, mgongo wake kifuani kwangu. Alikuwa mzito na wa moto. Kila uchungu ulipokuja alinikandamiza, nami nikamkandamiza, na asubuhi ikaenda hivyo. Kisha nikaanza kuhisi kile kigimbi cha kulia kinajikusanya.

Mtungini kulikuwa na maji ya chini tu, yamebakizwa kwa kuoshea mtoto na kumnywesha mzazi. Nilijua. Kila mtu mle chumbani alijua. Mimi wa Ramadhani ningeuma kanga.

"Nipeni maji," nikasema.

Bi Salama aliniangalia. "Haya ya mzazi, dada. Lango mpaka alasiri."

Tima alikuwa kati ya uchungu na uchungu, macho amefumba, kichwa begani kwangu. "Mpeni," alisema. "Akianguka yeye, mie naegemea nani?"

Sharifa akaleta kopo limejaa. Nikanywa funda kwa funda, mkono mmoja nimemshika mwanangu, matone yakidondoka utosini mwake, na wanawake wote wananitazama. Sikuona haya. Nikanyoosha mguu, Sharifa akanivuta vidole, kigimbi kikalegea, nikarudi kukaa.

Wakati wa adhuhuri mjukuu wangu wa kike alilia kilio chake cha kwanza, mama yake akiwa bado kifuani kwangu, nami nimekaa wima.